Ikolomani: Wanaoitwa wavamizi ndio walioachiwa mgodi

Mwishoni mwa mwaka 2025 wakazi wa Ikolomani, Kaunti ya Kakamega, waliitwa kutoa maoni kuhusu mgodi mkubwa wa dhahabu unaopangwa kuchimbwa Isulu na Bushiangala. Shughuli hiyo iliishia kwa mawe na vitoa machozi, na watu wakapoteza maisha. Siku zilizofuata, gazetini, redioni na hata kwenye matanga, nilisikia maelezo yaleyale: kwamba yupo mwekezaji mwenye karatasi zake, ipo dhahabu inayokadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 680, na wapo vijana wachimbaji haramu, waliovamia mashimo juzi bei ilipopanda, ambao hawataki maendeleo. Maelezo hayo yanamezeka kirahisi, lakini yamekosea pale pale penye kidonda. Wachimbaji wadogo wa Kakamega, Vihiga, Siaya na Migori hawakuvamia migodi ya watu. Waliachiwa. Kampuni zilikuja miaka ya 1930, zikachukua zilichoweza kuchukua, zikaondoka. Aliyebaki na mashimo, na ujuzi wa kujua mwamba upi una kitu na upi ni mtupu, ni mwenyeji. Uharamu anaobandikwa leo haukutokana na tabia yake. Ulitengenezwa kwa sheria, na mwaka ulipoanza kutengenezwa unajulikana: 1932.

Nianze nyuma kidogo ya hapo, kwa sababu hata sisi tunaowatetea wachimbaji tumezoea kuanzia pasipofaa. Husemwa kwamba mababu walichimba dhahabu hapa tangu zama za zama. Sioni ushahidi wa hilo, na hatuuhitaji. Walichochimba mababu wa magharibi ni chuma. Katika milima ya Samia, upande wa Busia, wahunzi waliokota na kuchimba mawe yenye chuma, wakayachoma kwa makaa huku mivukuto ikipuliza, wakafua majembe yaliyosafirishwa hadi mbali kandokando ya ziwa. Jembe la Samia lilinunua nafaka na mifugo, na lilipokelewa kama mahari. Kazi hiyo ilikuwa na mafundi wake, miiko yake na masoko yake. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo yakaanza kumiminika kwa bei ambayo mhunzi hakuweza kushindana nayo, na matanuri yakazimika moja baada ya jingine. Kwa hiyo watu wa huku hawakufundishwa na Mzungu kwamba ardhi ina madini. Walijua. Ila haki ya mchimbaji wa dhahabu wa leo haisimami juu ya chuma cha Samia, inasimama juu ya jambo jipya zaidi na lenye maandishi.

Dhahabu ya Kakamega ilitangazwa mwaka 1931, baada ya L. A. Johnson, mlowezi Mmarekani, kuipata katika eneo la mto Yala. Wakati ule walowezi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu walikuwa taabani. Bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka tangu mdororo wa 1929, nzige walikuwa wamepita, na madeni ya benki yalikuwa shingoni. Mwaka huohuo wa 1931 Uingereza iliacha kuifunga pauni kwenye dhahabu, na dhahabu ikapanda bei kwa pauni. Wakulima waliokaribia kufilisika wakafunga mizigo, wakaja kupiga mahema katikati ya mashamba ya watu. Kufikia 1933 walikuwa wamefika mamia kwa mamia, kwenye eneo ambalo tayari lilikuwa miongoni mwa yaliyojaa watu kuliko mengi nchini. Mitaro ya utafutaji ikakatwa mashambani na vigingi vikapigwa. Mwenyeji aliingia katika habari hiyo kama kibarua wa kubeba mchanga na kusukuma toroli chini ya ardhi, kwa mshahara mdogo, maelfu kwa maelfu.

Hapo ndipo sheria ilipoingia, na ningeomba msomaji akae hapa nami kidogo. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji, iliyoahidi kwamba ardhi iliyotengewa Waafrika ingekuwa yao milele. Serikali ikihitaji kipande, ilipaswa kulishauri baraza la wenyeji na kutoa kipande kingine cha kulingana nacho. Dhahabu ilipoonekana, ahadi hiyo ya milele haikumaliza hata miaka mitatu. Desemba 1932 sheria ilirekebishwa kwa haraka: ardhi ya madini ingeweza kuondolewa kwenye ardhi hiyo iliyotengewa Waafrika bila kushauriana na baraza, na mwenye shamba angelipwa pesa badala ya shamba. Jambo hilo lilizua kelele hadi London, ambako mapema mwaka 1933 lilijadiliwa bungeni na watu waliokuwa wametumikia ukoloni wenyewe wakasema waziwazi kwamba ahadi imevunjwa. Haikubadilisha kitu.

Marekebisho yale yalipanda mbegu mbili ambazo bado tunavuna. Ya kwanza ni kwamba shamba linaweza kufidiwa kwa noti. Kwa mkulima wa Isukha au Idakho, huku Kakamega, ambaye pesa hazimpatii ekari nyingine jirani na makaburi ya wazee wake, hiyo haikuwa fidia bali kufukuzwa kwa adabu. Ya pili ni kumkata mwenyeji vipande viwili: juu ya udongo ni mwenye shamba, chini ya udongo si mtu. Sheria ya Madini ya mwaka 1940 iliuimarisha mkato huo kwa kuyaweka madini mikononi mwa ufalme wa Uingereza. Uhuru ulipokuja, mahali pa ufalme pakaingia serikali ya Kenya, na sheria ileile ikaendelea kututawala hadi mwaka 2016. Katiba ya 2010 nayo inayataja madini kama sehemu ya ardhi ya umma. Sipingi kanuni hiyo kwa ujumla wake. Nasema tu kwamba anayemwambia kijana wa Ikolomani "sheria inasema hii si mali yako" ajue sentensi hiyo ilisemwa kwanza na nani, na kwa ajili ya nani.

Mgodi mkubwa kuliko yote hapo Kakamega ulikuwa Rosterman, nje kidogo ya mji. Ulifanya kazi kuanzia 1935 hadi 1952 na kutoa takriban robo milioni ya aunsi, yaani karibu tani nane za dhahabu. Kule Nyatike, Migori, mgodi wa Macalder ulichimba shaba, dhahabu na fedha hadi ulipofungwa mwaka 1966. Ukipita sehemu hizo leo utaona kilichosalia: mashimo ya zamani, vilima vya mchanga uliosagwa na mabaki ya kuta. Kampuni hufunga mgodi gharama ya kutoa aunsi moja inapoishinda bei ya aunsi hiyo. Haifungi kwa sababu dhahabu imekwisha. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyoacha riziki nyuma. Kibarua aliyekuwa ameshika taa na patasi chini ya Rosterman alirudi nyumbani akijua mshipa unaelekea wapi, na akawaonyesha wanawe.

Asubuhi moja, kando ya kijito upande wa Ikolomani, nilimkuta mama wa makamo ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, karai likiwa katikati ya miguu yake. Ndani yake mlikuwa na unga wa mawe uliotoka kusagwa, mwekundu kama matofali. Alimimina tone la zebaki kutoka kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, akaanza kukanda kwa vidole vitupu jinsi mtu anavyokanda unga wa chapati, taratibu, bila kuinua macho. Akamwaga maji, akazungusha karai, akamwaga tena, mpaka chini kukabaki kitu kinachong'aa kijivu. Akakifunga kwenye kipande cha leso, akakikamua kwa nguvu, kikatoka kidonge kidogo kuliko punje ya mtama. Kidonge kikawekwa kwenye kijiko, kijiko juu ya makaa. Moshi ulipanda, mjukuu wake akiwa ameegemea bega lake, na kijivu kikageuka manjano. Nilimuuliza amejifunza wapi kuosha. Kwa mama mkwe, akasema, na yule mama mkwe alifundishwa na mumewe aliyewahi kufanya kibarua kwa Wazungu. Hapo ndipo jina la mvamizi lilipoanza kunikwama kooni.

Maana mashimo haya yana utaratibu, hata kama hauko kwenye gazeti la serikali. Kuna mwenye shamba, kuna anayegharamia chakula, kamba na pampu ya maji, kuna wanaoshuka chini, kuna wanaovuta kwa juu, kuna mwenye mashine ya kusaga. Mawe yakitoka hugawanywa kwa magunia, na kila mmoja anajua fungu lake kabla shimo halijafunguliwa. Akina mama huponda kwa nyundo, huosha, hununua mabaki na kuyaosha tena. Broka hupita jioni na mzani wake mdogo wa betri. Kazi hiyo hupanda na kushuka na maisha ya kijiji. Kampuni ya sukari ya Mumias ilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni, mwaka 2019, mkulima wa miwa katika ukanda mzima alipoteza mnunuzi aliyemzoea, na haishangazi kwamba wenye nguvu za kushuka shimoni walitazama huko. Bei ya dunia nayo imechochea: mwaka 2025 aunsi moja, ambayo ni gramu 31 na kidogo, ilivuka dola 4,000. Ni kweli, basi, kwamba wapo wageni wengi mashimoni wakati huu. Lakini walikuta kazi ipo, ina wenyewe na ina lugha yake.

Sasa nije kwa wanaouunga mkono mgodi mkubwa, kwa sababu wana hoja, na nyingine ni nzito. Nzito kuliko zote ni maisha ya watu. Zebaki ile niliyoiona ikipanda kama moshi haipotei. Inaingia kwenye mapafu ya bibi na mjukuu, inashuka mtoni, inaingia kwenye samaki. Mkataba wa dunia dhidi ya zebaki unabeba jina la Minamata, mji wa Japani ambako watu walikula samaki wenye sumu hiyo na watoto wakazaliwa na ulemavu, na Kenya imejiunga na mkataba huo. Na mashimo yenyewe yanaua. Desemba 2021 machimbo ya Abimbo, Bondo, yaliporomoka na kufukia wachimbaji, na mwili wa mmoja wao ulitolewa baada ya miezi kadhaa, jamaa zake wakiwa wamekaa juu ya kifusi muda huo wote wakingoja. Anayewapenda wachimbaji hawezi kulipita hilo kimya. Mimi siwezi. Ila tazama linakoelekea: hoja hii inadai mbao za kushikilia kuta, vifaa vya kunasa mvuke wa zebaki, njia za kutenganisha dhahabu bila zebaki, na mkaguzi anayefika shimoni kusaidia badala ya kukamata. Haidai mchimbaji aondolewe. Mtu asiye na kibali hakopesheki, hakaguliwi, na shimo likibomoka anaogopa hata kupiga simu. Kumuita haramu ndiko kunakozidisha vifo.

Hoja ya pili ni ya mapato. Mgodi mkubwa unalipa mrabaha, yaani fungu la thamani ya madini linalolipwa kwa umma, na Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha huo wazi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya pale yanapochimbwa. Dhahabu ya broka hailipi, na nyingi huvuka mpaka bila kuandikwa. Nakubali. Lakini wakazi wa Kwale, ambako uchimbaji wa titani ulifungwa Desemba 2024, walisubiri miaka mingi kuliona fungu lao la asilimia 10. Na dhahabu inayovuka mpaka haivuki kwa uovu wa mchimbaji, inafuata soko. Hapo jirani Tanzania, mwaka 2019, serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio, ikafungua masoko ya madini mikoani kuanzia Geita. Dhahabu iliyokuwa ikipita gizani ikaanza kuonekana kwenye hesabu za taifa. Kutoka Migori hadi Tarime ni safari ya asubuhi. Tungeweza kwenda kujifunza na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Ipo hoja ya tatu, na ndiyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: kwamba wachimbaji hawa wangetaka kufuata sheria wangechukua vibali, kwa hiyo wamechagua uharamu. Anayesema hivyo hajajaribu kukitafuta kibali. Sheria ya 2016 inaruhusu mchimbaji mdogo kupewa kibali cha miaka mitatu, na kila kaunti ilitakiwa iwe na kamati ya wachimbaji wadogo ya kushauri kuhusu utoaji wake. Kamati hizo zilichelewa miaka. Mwaka 2019 serikali ikasitisha utoaji wa leseni mpya za madini, na zuio hilo halikuondolewa hadi 2023. Wakati huohuo leseni za utafutaji za kampuni zilikuwa zimetandazwa juu ya ukanda wa dhahabu kutoka Kakamega hadi Siaya. Zilipoingia mikononi mwa Shanta Gold, ndiye mwekezaji wa mgodi huu wa Ikolomani, mwaka 2020, baada ya kupitia kampuni za Acacia na Barrick, zilifunika zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Ardhi ikishafunikwa na leseni ya mwingine, mchimbaji mdogo hapati kibali juu yake kirahisi. Hebu jiweke mahali pake. Babu yako alichimba hapo, baba yako alichimba hapo, sheria mpya inakuambia uje ujisajili, na ukifika dirishani unaambiwa eneo hilo kwenye ramani limeshachukuliwa. Huyo hakuchagua uharamu. Alifungiwa nje ya mlango kisha akashtakiwa kwa kusimama nje.

Wapo pia wanaosema mchimbaji mdogo anapoteza dhahabu, kwamba kwa karai na zebaki anapata sehemu tu ya iliyomo na nyingine inabaki kwenye mchanga. Ni kweli, na wahandisi wako sahihi. Lakini dhahabu iliyobaki kwenye mchanga wa Lirhembe, hapa Ikolomani, bado iko Lirhembe, na itaoshwa tena na mtu wa Lirhembe.

Upande wetu nao unahitaji kuambiwa ukweli. Si kila anayepiga kelele dhidi ya kampuni anamtetea mama wa karai. Wapo wenye mashine na pesa ambao wamewageuza vijana vibarua wao, wanawashusha mita nyingi bila kamba ya maana na kuchukua fungu nono. Wapo wanasiasa wanaolala upande wa wachimbaji na kuamkia upande wa mwekezaji. Mchimbaji akipewa kibali, kibali hicho kiwabane hao pia. Vilevile siamini kwamba mwamba wa Isulu ulio chini sana unaweza kufikiwa kwa patasi. Inawezekana kabisa kampuni ikachimba kule chini na wenyeji wakaendelea juu na pembeni, kwa mipaka iliyoandikwa. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninachopinga ni ugeni unaoanza kwa mwenyeji kuhama.

Na hapa ndipo historia inapogeuka kuwa jambo la leo. Tukikubali kwamba mchimbaji mdogo ni mrithi, mambo kadhaa lazima yabadilike kabla mradi haujasonga hata hatua moja. Waziri wa madini aanze kwa kutenga maeneo ya wachimbaji wadogo katika ukanda huu, na ayatenge pale penye dhahabu wanayoifikia, asiwape vilima vikavu vilivyokataliwa na watafutaji. Kampuni itakiwe kurudisha sehemu za leseni yake isizozihitaji. Vibali vitolewe kwa vikundi vilivyopo tayari, pamoja na mafunzo ya kuacha zebaki, na kaunti iwe na mahali pa kununulia dhahabu kwa bei inayobandikwa ukutani. Na maoni ya wananchi yachukuliwe kwa lugha ya kijiji, nyaraka zikiwa zimesomwa na kueleweka mapema, kwa sababu kile ambacho mabaraza ya 1932 yalinyimwa hakikuwa pesa, kilikuwa kuulizwa.

Lakini lililo gumu kuliko yote ni la fidia, na silisikii likizungumzwa. Sheria inamtambua mwenye ardhi au mkaaji halali. Kakamega ina watu zaidi ya 600 kwa kila kilomita ya mraba, mashamba yamegawanywa mpaka yakawa vishamba, na hati nyingi bado ziko kwa majina ya wanaume, wengine walishazikwa zamani. Kwenye hesabu ya kaya takriban 800 zinazotajwa kuhamishwa, familia itahesabiwa kwa nyumba yake, migomba yake na ekari zake. Kijana anayeshuka kwenye shimo la shamba la jirani hana ekari. Mama wa karai hana hata kijito anachooshea. Mgodi ukija atapoteza kazi aliyoifanya maisha yake yote na hatakuwa mdai wa chochote, kwa kuwa hakuna kitabu kilichowahi kuandika kwamba aliifanya. Kitabu hicho kinaweza kuandikwa sasa. Maafisa wa kaunti na wazee wa mitaa wanajua kila shimo liko wapi na nani anashuka humo. Kabla kikao kingine hakijaitwa Ikolomani, wazunguke na daftari, shimo hadi shimo, jina hadi jina, wakianzia pale mtoni.